Nani Alikutuma Kule?

Nyahanga, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Maganga,

Salamu tumeshapeana jioni, na shikamoo yako nitaipokea asubuhi ukiwa juu ya lori, kwa hiyo hapa tuziruke. Habari za blanketi, za maji ya kuchemsha, za kutokopesha watu usiowajua, mama yako amezimaliza. Nilimsikia akizirudia na kuzirudia mpaka nikatoka nje. Nikazunguka zizi, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena nikaenda kutazama kama mlango wa zizi umefungwa, na hali ni mimi niliyeufunga. Sasa nimekaa. Tuone nitakaa kwa muda gani.

Kwa mwandiko huu utaniwia radhi. Mkono wa kushoto nimeuanzisha shule ukubwani, na mwanafunzi mkubwa unamjua, hasikii. Kisukuma ndicho kingetoka chenyewe, ila kukiandika sikufundishwa, na wewe huko uendako utaishi na Wahaya, Waha na watu wa Nyasa, heri uzoee kunisikia kwa Kiswahili.

Nianze na lile linalonikera nilitoe. Sikutaka uende mgodini. Unajua hivyo, nimekuonyesha kwa kununa tangu mavuno. Nilidhani vidole vyangu vitatu vimekununulia kalamu. Fidia ilipokuja tulikupeleka shule, ukasoma, ukaandika kuliko mimi, kisha ukarudi hapa ukasema unakwenda kusukuma toroli chini ya ardhi, kama baba yako! Nilikasirika. Hasira yenyewe haijaisha, imekaa tu chini kupumzika. Lakini u mtu mzima, na mtu mzima hafungwi kamba.

Watu wa hapa wakiulizwa habari za mkono wangu husema, "Baba Maganga alipondwa na toroli, akaenda mahakamani, akalipwa." Ni kweli. Ila ukisikiliza hivyo utadhani mahakama ni duka, unapeleka mkono ulioharibika, unapewa fidia. Wewe ulikuwa bado unachunga ndama, hukuyaona ya katikati, na mimi sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa naona aibu. Utaona ni aibu ya nini.

Mgodi niliofanyia kazi uko mbele ya Masumbwe, kwenye vilima. Kazi yangu ilikuwa kusukuma toroli la mawe katika njia moja ya chini, kutoka mwisho wa njia hadi mahali pa kumwagia, basi. Nyapara wetu alikuwa na amri aliyoirudia kila asubuhi kabla hatujashuka: kila mtu abaki katika njia yake, anayeonekana katika njia ya mwenzake amejifukuza kazi. Amri haikuwa ya kijinga. Chini kule watu wakizurura, baruti inawakuta.

Siku niliyoumia nilisikia mwano. Wewe umekulia hapa, unaujua ule ukelele. Mtu akivamiwa na simba, nyumba ikishika moto, ng'ombe wakiibwa, anapiga mwano, na kila mwenye miguu anaacha jembe anakimbia. Asiyeitika hana pa kuuficha uso wake baadaye. Sikuwa nimewahi kuusikia chini ya ardhi. Ulitoka njia ya pili, ukagonga mwamba, ukanijia kifuani. Sikufikiri, Maganga. Ningependa kukuambia nilipima hili na lile, lakini miguu ilikwisha ondoka.

Aliyepiga mwano alikuwa Shija, huyu Shija wa Masumbwe unayemwita baba mdogo. Wakati ule nilikuwa namjua kwa jina tu. Toroli lake lilikuwa limeruka reli likambana mguu ukutani, na njia ile ilikuwa na mteremko unaoishia kwenye winchi, ile mashine ya kuvutia matoroli, na watu wake. Mawe yalikuwa yamejaa mpaka juu. Niliokota gogo, nikalisukumia chini ya gurudumu lisiteremke, kisha nikaingiza mkono kuinua upande mmoja ili atoe mguu. Aliutoa. Toroli likakaa vizuri juu ya gogo, na mkono wangu ukiwa katikati. Maumivu yake sitayaandika, hayana somo.

Hospitali walikata vidole vitatu vya mkono wa kulia, wakanishona, wakaniambia nipumzike. Mgodi ukaniambia nirudi kwetu. Fidia? Hapana, wakasema, sheria inamlipa mtu aliyeumia akiwa kazini kwake, na huyu aliumia alikokatazwa kwenda. Afisa wa Kazi alipopita akasikia, akasema jambo hilo haliamuliwi na mgodi peke yake, akalipeleka kwa hakimu.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea.

Nilisimamishwa mbele ya hakimu, mkalimani pembeni, na bwana wa upande wa mgodi akaniuliza, "Nani alikutuma kule?"

Nikasema, "Hakunituma mtu."

"Ulijua ni marufuku?"

"Nilijua."

"Sasa ulikwenda kufanya nini?"

"Nilikwenda kuitika."

Nikanyamaza. Mkalimani akanitazama, akangoja. Hakimu akainua kalamu, naye akangoja. Bwana yule akauliza, "Hilo tu?" Nikasema ndiyo, hilo tu.

Najua sasa hivi unashika kichwa. Lakini wewe umelelewa kwetu, nadhani utanielewa kidogo. Nilikokulia mimi, aliyeitika mwano hajisimulii. Hasemi niliinua, niliokoa, niliumia. Anayejisimulia ni debe tupu. Aliyepiga mwano ndiye husimama mbele ya watu akasema: fulani alikuja, akafanya hivi na hivi, mnaniona hai kwa sababu yake. Ndivyo baba yangu alivyokuwa, na baba yake. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale namngoja Shija.

Na Shija hakuwapo. Hakuwapo kwa sababu sikumtaja. Afisa wa Kazi aliniuliza mapema, "Una shahidi yeyote tumwite?" nikasema sina. Kumwita Shija aje anisemee kuliniwia kama kwenda kubisha hodi kwake kumdai shukrani. Ningeonekana nilimwokoa ili nimtoze! Nikaona bora aje mwenyewe kwa moyo wake. Kiburi kile, mwanangu, kilikuwa kimevaa nguo za adabu, mimi mwenyewe sikukitambua.

Baada yangu akasimama nyapara. Alikuwa na hasira na mimi, nadhani alikuwa amekaripiwa na wakubwa wake kwamba watu wake hawashikiki. Akasema, "Huyu nilimkuta ameshika toroli lisilo lake. Hata gogo aliloweka chini ya gurudumu ni la kuegemezea paa, amelitoa kwenye rundo bila ruhusa yangu."

Hakimu akamuuliza, "Lisingewekwa gogo?"

"Toroli lingeteremka mpaka kwenye winchi, kwenye watu. Lakini kulizuia ilikuwa kazi yangu mimi, si yake."

Niliyasikia maneno hayo kama tusi juu ya jeraha. Hata gogo nimeliiba! Hakimu akaandika. Mwishoni akasema ananihurumia, lakini hakuna aliyenituma, amri niliijua, na kazi yangu ilikuwa njia nyingine. Niliiacha kazi kwa hiari yangu. Fidia hakuna.

Nilirudi Nyahanga nikawa mtu wa kukaa ukutani. Usicheke, mama yako atakuambia. Jembe lilinishinda, kukamua kulinishinda, hata kufunga mshipi nilimwita yeye. Chakula cha nyumba kilitoka kwa wajomba zako. Majirani walinifariji kwa kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku moyoni nikitaka kuwarushia kigoda.

Afisa wa Kazi ndiye aliyeleta habari kwamba kuna rufaa. Jaji wa Mahakama Kuu atapita Mwanza, na kuna wakili mmoja Mhindi aliyekubali kunisimamia. Niliposikia rufaa, nikafurahi kama mtoto. Nikajua tunaanza upya! Safari hii Shija atakuwepo, atasema, na kila kitu kitakaa sawa. Lakini nani amwite? Mimi bado nilikuwa sitaki.

Mama yako alinitazama siku nzima nikizunguka uani. Akasema, "Baba Maganga, unataka Shija aje?"

"Akija mwenyewe."

"Na asipojua kama anatakiwa?"

"Mtu hujua."

Asubuhi sikumkuta. Nilikuwa nimemkataza kwenda Masumbwe, akaenda Masumbwe. Alirudi juu ya lori la pamba, na Shija nyuma yake akichechemea, ameshika kofia mkononi kama mtu anayeingia msibani.

Hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nangoja uniite. Siku zilipopita hukuniita, nikasema huyu hataki kuniona. Mkono wake umeharibika kwa ajili yangu, atanitazama vipi? Nikaona nisikuongezee uchungu."

Kwa hiyo mimi nikimngoja yeye, na yeye akiningoja mimi, wote wawili kwa heshima. Sijui kama niliwahi kusikia jambo la kipumbavu zaidi, na nilikuwa nimelifanya mwenyewe.

Tulipanda treni Isaka, sisi watatu, mpaka Mwanza. Njia nzima nilikuwa namfundisha Shija: utasema hivi, usisahau gogo, usisahau winchi. Mama yako akatuambia tunyamaze, tunawachosha abiria. Kule Mwanza tukamwona wakili, mtu mfupi, mwenye haraka, mwenye wino vidoleni. Nikamsukuma Shija mbele. "Huyu ndiye shahidi."

Wakili akatutazama, akavua miwani. "Nani amewaambia mlete shahidi?"

Ndipo akatueleza, na nataka ulielewe hili kama nilivyolielewa mimi, kwa kuumia. Alisema rufaa si kesi ya pili. Jaji haendi mgodini, haoni toroli, wala kwa kawaida hamsikilizi mtu ambaye hakusemeshwa katika mahakama ya chini. Mbele yake yapo yale tu yaliyosemwa kwa hakimu na kuandikwa. Anayasoma, kisha anajiuliza: kwa maneno haya, hakimu aliishika sheria kwa mpini au kwa makali? Kama aliishika sawa, hukumu inabaki, hata kama jaji mwenyewe moyo unamuuma. Kumleta shahidi mpya kuna milango yake, myembamba, na jambo ulilokuwa nalo tangu mwanzo ukalificha kwa hiari yako halipiti humo.

"Sasa," akasema, "wewe ulisema nini kwa hakimu?"

Nikasema, "Nilisema nilikwenda kuitika."

"Na nini tena?"

"Basi."

Wakili akakaa chini. Mimi nikatoka nje. Nilizunguka jengo lile la mahakama mpaka askari akaniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa nimepoteza maneno, Maganga. Nilikuwa nayo mdomoni siku ile, yote, na kalamu ya hakimu ilikuwa wazi inayangoja, nikayameza. Yaliyopita si ndwele, husema watu. Kwenye rufaa yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na ndiyo dawa kama ulikuwa nayo. Hakuna kingine.

Tuliingia kwa jaji. Mzee wa Kizungu, mkimya, karatasi mbele yake. Wakili wangu na wakili wa mgodi walizungumza Kiingereza, na mkalimani akatupa vipande vipande kama mtu anayelisha kuku. Katikati Shija akasimama. Sikumwambia asimame. Akasema kwa sauti ya mgodini, "Bwana Jaji, mimi ndiye niliyepiga mwano!"

Askari akamshika bega. Jaji akauliza amesema nini, akaambiwa. Akasema, na mkalimani akatupa, "Mwambie nimemsikia. Lakini siruhusiwi kumsikiliza." Shija akakaa. Nilimwona akifinya kofia yake mpaka ikakunjamana.

Hukumu haikutolewa siku ile. Tulirudi kwa treni. Tuliposhuka Isaka palikuwa na mabehewa yanapakiwa, marobota ya pamba, magunia ya karanga, wachukuzi wamejaa wanaimba. Sisi tulikuwa tunatafuta lori. Nikageuka, Shija hayupo. Nikamwona amepanda juu ya magunia.

"Jamani!" akasema. "Jamani wa Isaka, nisikilizeni!"

Wachukuzi wakadhani ni mhubiri, mmoja akamwambia ashuke asitoboe magunia ya watu. Hakushuka. Akanyoosha kidole kwangu, akasema, "Mnamwona yule asiye na vidole? Mimi nilibanwa na toroli chini ya ardhi, nikapiga mwano. Wengi walinisikia. Nilisikia matoroli yao yakisimama, halafu nikayasikia yakiendelea. Moja tu lilisimama likabaki limesimama. La huyu. Akaja alikokatazwa, akaweka gogo, akaingiza mkono mahali palipokuwa na mguu wangu. Mimi natembea. Yeye hawezi kufunga mshipi wake. Nimekwenda kulisema hili Mwanza, wamenikatalia, basi nalisema hapa. Wabeja, kaka! Asante, wabeja sana!"

Wachukuzi wakaacha kuimba. Mzee mmoja akavua kofia. Mama yako akafunika uso kwa khanga, na mimi nililia, Maganga, wazi wazi, mbele ya watu wenye mizigo vichwani. Ndiyo maneno niliyokuwa nayangoja, na yalisemwa mahali ambapo hayakuweza kunisaidia kitu. Hayo ya matoroli kusimama na kuendelea sikuwa nayajua. Hakimu angeyajua, angeandika.

Hukumu ilisomwa baada ya mvua za kwanza. Nilikwenda na wakili, bila Shija. Jaji alisema hakimu alijiuliza swali lisilo lake. Alijiuliza, nani alimtuma? Sheria haiulizi hivyo. Inauliza, alipoumia, alikuwa akifanya jambo la kazi ya mwajiri wake au jambo lake mwenyewe? Amri aliivunja, hilo halina ubishi. Lakini sheria yenyewe inasema kuvunja amri hakumtoi mtu kazini, kama alichokifanya kilikuwa kwa ajili ya kazi ile ile.

Wakili wa mgodi akasimama akauliza, ushahidi kwamba ilikuwa kwa ajili ya kazi uko wapi? Mrufani mwenyewe hakusema. Jaji akafungua karatasi akasoma maneno ya nyapara. Toroli lingeteremka mpaka kwenye winchi, kwenye watu. Kulizuia ilikuwa kazi yangu mimi.

"Nyapara anasema ilikuwa kazi," jaji akasema. "Kazi ya nani katika mgodi huo, si neno. Ilikuwa kazi ya mgodi." Rufaa ikakubaliwa.

Watu walinipongeza. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo, ila sikutulia, na mpaka leo sijatulia. Nilishinda kwa mdomo wa mtu aliyetaka nishindwe! Yeye angenyamaza kama mimi, ningeendelea kukaa ukutani, na jaji yule yule angesikitika kwa adabu akatia sahihi yake chini ya kushindwa kwangu. Usije ukategemea adui akusemee. Mficha uchi hazai, wamesema wenye lugha, na mimi niliuficha mbele ya yule pekee aliyekuwa na kazi ya kuutazama.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Umelala chali na mdomo wazi kama ulivyolala ukiwa na miaka miwili.

Nina jambo moja limebaki, na ndilo lililonitoa kitandani. Chini kule kuna siku utausikia mwano. Labda hautakuwa mwano wetu, labda Mhaya atalia kwa namna yake na Muha kwa yake, lakini utaujua. Nawe utakuwa na nyapara na amri yake, na amri haitakuwa ya kijinga. Nitakuambia nini? Nimeliandika jibu, nikalikata. Nikaandika jingine, nikalikata pia. Nikikuambia ukae, nitapata mwana mwenye vidole vyote, na toroli lake litakuwa limesimama kidogo kisha likaendelea. Nikikuambia ukimbie, huenda Shija fulani akaja mlangoni kwangu ameshika kofia, na wewe hupo nyuma yake.

Mama yako ameamka sasa hivi. Amesimama mlangoni ameshika taa, akaniuliza, "Umemwandikia nini juu ya mwano?"

Nimemwambia, "Nimemkataza."

Akasema, "Vizuri," akarudi kulala.

Nimemdanganya. Kimbia, mwanangu. Na ukitoka, kama mdomo bado ni mzima, usimngoje mtu: sema mwenyewe.

Ni mimi baba yako, ninayekesha kwa ajili yako.